Ghala Linapogeuka Nyumba ya Kulala

Katika mji mdogo wa Deep River, jimbo la Connecticut nchini Marekani, lipo jengo kubwa la matofali ambalo kampuni ya Pratt, Read ililijenga upya baada ya moto wa mwaka 1881. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kulitazama mara mbili. Pembe nyingi za ndovu zilizobebwa na wapagazi, huru na watumwa, kutoka bara hadi mwambao na kuvushwa Unguja, ziliishia katika bonde hilo la mto Connecticut. Huko zilipasuliwa kwa misumeno kuwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya vibanda virefu vya vioo mpaka zikawa nyeupe, kisha zikabandikwa juu ya vitufe vya piano. Misumeno hiyo ilikwisha kunyamaza, na leo ndani ya kuta zilezile watu wanapika, wanalala na kulea watoto.

Makazi ya namna hiyo Wamarekani huyaita lofti. Asili ya neno ni dari, nafasi iliyo juu kabisa ya nyumba au banda, chini ya paa. Baadaye likatumika kwa ghorofa nzima ya ghala au karakana isiyogawanywa kwa kuta, na hatimaye madalali wakalichukua likawa jina la nyumba za bei kubwa. Watu wengi wakisikia ghala limegeuzwa makazi hudhani kwamba kazi yote ilikuwa ya fundi: kusafisha matofali, kuweka jiko na bafu, kukabidhi funguo. Kwa kweli sehemu ya fundi ndiyo nyepesi. Jengo lilipata umbo lake kutokana na mahitaji ya mzigo na mashine, likapewa kibali chake kwa ajili ya mzigo na mashine, na karibu kila sifa inayomvutia mnunuzi wa leo, yaani upana usio na kuta, boriti nene zilizo wazi, nguzo za chuma na matofali yasiyopigwa lipu, ndiyo hiyohiyo inayomkosesha usingizi mhandisi au mwanasheria.

Mahali pa kulielewa jambo hili kwa ukamilifu ni SoHo, eneo la jiji la New York lililo kusini mwa barabara ya Houston. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa nguo za jumla walijenga huko maghala na maduka yenye uso wa chuma cha kusubu. Nguzo na matao yalisubiwa kiwandani, yakaletwa vipandevipande na kufungwa kwa bolti, kisha yakapakwa rangi ili yafanane na jiwe. Hata leo anayetaka kujua kama jengo ni la jiwe au la chuma hubeba sumaku na kuigusisha ukutani. Katika jengo mojawapo, lile la Haughwout kwenye kona ya Broadway na Broome, Elisha Otis alifunga mwaka 1857 lifti ya kwanza ya abiria yenye kizuizi cha kuanguka. Hayakuwa majengo ya kifahari kwa maana ya kasri. Yalikuwa bohari zilizovalishwa nguo za sikukuu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ya nguo ilihama, na ghorofa zikabaki tupu au zikapangishwa kwa karakana ndogondogo zilizojaa karatasi, vitambaa na kemikali. Moto ulikuwa wa mara kwa mara kiasi kwamba wazimamoto waliliita eneo hilo Ekari Mia za Jehanamu. Jiji nalo, kwa msukumo wa Robert Moses, ofisa mwenye nguvu aliyesimamia ujenzi wa barabara na bustani za New York, lilikuwa limepanga kupitisha hapo barabara kuu ya magari, na hakuna mwenye jengo anayetia fedha katika jengo linalosubiri kubomolewa. Kodi ya pango ikashuka. Ndipo wasanii waliohitaji nafasi pana na mwanga kwa ajili ya picha na sanamu kubwa wakaanza kupanga ghorofa hizo kama karakana, na wengi wao wakalala humohumo kinyume cha sheria.

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganya mambo, kwa hiyo inafaa kwenda polepole. Jengo la aina hii linatawaliwa na sheria tatu tofauti, zinazosimamiwa na mamlaka tofauti, na ruhusa ya moja si ruhusa ya nyingine. Ya kwanza ni ya matumizi ya ardhi, inayouliza kama eneo hilo linaruhusu watu kuishi hata kidogo. Ya pili ni ya ujenzi na usalama, inayouliza kama jengo lenyewe linafaa kwa mtu aliyelala, na jibu lake hutolewa kwa cheti cha ukaaji. Ya tatu ni ya urithi, inayouliza ni nini ndani au nje ya jengo kisichoruhusiwa kubadilishwa. Mtu anaweza kupata la kwanza na la tatu, akatumia fedha nyingi, na bado akakaa miaka katika jengo lisilo na cheti cha ukaaji.

Sheria ya matumizi ya ardhi haikutenga maeneo ya viwanda kwa sababu ya moshi na kelele peke yake. Ilikusudia pia kukilinda kiwanda dhidi ya mkazi, kwa kuwa mkazi hulipa kodi kubwa kwa kila mita ya mraba kuliko fundi seremala au mchapaji, na akishaingia hulalamikia lori la alfajiri na harufu ya rangi. Ndiyo maana jiji halikuwafungulia wasanii mlango wote. Mwaka 1961 lilikubali kwamba msanii anayeishi katika karakana yake abandike nje ya jengo kibao chenye herufi A.I.R., yaani msanii anakaa humu, na ghorofa anayokaa, ili wazimamoto wajue kwamba ndani mna mtu wa kuokolewa. Mwaka 1964 sheria ya jimbo ikayatambua makazi ya aina hiyo. Mwaka 1971, miaka miwili baada ya mpango wa barabara kuu kufutwa, jiji likabadilisha kanuni za SoHo kwa ujanja wa kisheria ambao mimi naona unastahili kuangaliwa kwa makini: halikulifanya eneo hilo kuwa la makazi, bali lilitamka kwamba nyumba ya msanii na karakana yake ni kitu kimoja. Kwa maneno mengine, mchoraji alihesabiwa kama mwenye kiwanda kidogo, na ilimpasa apate hati kutoka idara ya utamaduni ya jiji kuthibitisha kwamba kweli ni msanii. Mwaka 1973 eneo likatangazwa kuwa la urithi, na nyuso za chuma zikapata ulinzi.

Bado likabaki swali la waliokuwa wakiishi bila hati yoyote, katika SoHo na kwingineko jijini. Sheria ya lofti ya mwaka 1982 ililijibu kwa namna isiyo ya kawaida. Badala ya kuwafukuza, ilisema kwamba jengo lililowahi kuwa la biashara au kiwanda, na ambamo familia tatu au zaidi ziliishi kila moja kivyake kati ya Aprili 1980 na Desemba 1981, litatambuliwa kuwa makazi ya mpito. Mpangaji asiondolewe, kodi yake idhibitiwe, na mwenye jengo alazimike kulifikisha katika kiwango cha usalama. Sheria hiyo imepanuliwa baadaye, mwaka 2010 na 2019, kwa kuweka vipindi vipya vya kuhesabia. Yapo majengo yaliyokaa miongo katika hali hiyo ya mpito, mwenye jengo na wapangaji wakivutana juu ya nani alipe nini.

Kutoka sheria tuje kwenye umbo, maana hapa msomaji anayefikiria bohari yoyote ya zamani atapata la kupima. Kiwanja cha kawaida cha New York kina upana wa futi 25 na kina cha futi 100, sawa na mita saba na nusu kwa thelathini. Jengo la SoHo limebanwa na majirani pande zote mbili, hivyo mwanga huingia mbele na nyuma tu, na katikati ni giza. Kwa marobota ya nguo hilo halikuwa tatizo. Sheria ya makazi, kinyume chake, hudai kila chumba cha kuishi au kulala kiwe na dirisha linalofunguka kwenda nje. Msanifu majengo hulazimika basi kupanga nyumba kwa kufuata giza: bafu, choo, stoo na ngazi vikae katikati, jiko karibu nao, vyumba vya kulala vijibane upande mmoja na sebule upande mwingine. Mabomba ya maji machafu nayo yanataka mwinamo, kiasi cha sentimita mbili kwa kila mita, kwa hiyo bafu haliwezi kwenda mbali na bomba kuu la wima bila sakafu kuinuliwa. Jengo likiwa pana mno, hakuna njia ila kutoboa shimo la mwanga kutoka paa hadi chini, na kila mita inayotobolewa ni mita isiyouzwa.

Viwanda vya nguo vya Massachusetts vina bahati tofauti. Katika mji wa Lowell, ambao vitambaa vyake vilisafirishwa na wafanyabiashara wa Salem hadi Unguja na kutuachia neno merikani, viwanda vilijengwa kabla ya taa za umeme. Mfumaji alihitaji kuuona uzi wake, kwa hiyo majengo ni marefu lakini membamba, yenye madirisha makubwa pande zote mbili. Ukichora ujia katikati, unapata nyumba kushoto na kulia, kila moja ikiwa na mwanga. Ndiyo sababu sehemu za Boott Mills na Massachusetts Mills zimegeuzwa makazi bila kupasuliwa matumbo, na ndiyo sababu mtu anayeuliza kama ghala fulani linafaa kugeuzwa angefanya vyema kupima upana wake kabla ya kuuliza bei.

Uzito, ambao watu wasio wa fani huuogopa kwanza, mara nyingi si tatizo. Viwango vya Marekani hutaka sakafu ya makazi ibebe takriban kilo 195 kwa mita ya mraba, wakati sakafu ya ghala la mizigo myepesi hutakiwa kubeba zaidi ya kilo 600, na ya mizigo mizito maradufu ya hizo. Sakafu iliyobeba marobota haitashindwa na kochi. Kinachotisha ni moto. Boriti nene za viwanda vya zamani zilitokana na bima: mwaka 1835 Zachariah Allen, mwenye kiwanda wa Rhode Island, aliyekasirishwa na bima kutompunguzia malipo licha ya tahadhari zake, alianzisha na wenzake bima yao ya pamoja, na kutokana na bima za aina hiyo ukaenea ujenzi wa boriti chache zilizo nene badala ya nyingi zilizo nyembamba. Mti mnene ukishika moto hugeuka mkaa juu kwa kasi ya chini ya milimita moja kwa dakika, na mkaa huo huukinga moyo wa boriti kwa muda. Chuma cha kusubu hakina subira hiyo. Hubeba uzito mkubwa sana kikisukumwa chini, lakini kikipashwa moto kisha kikamwagiwa maji baridi ya wazimamoto kinaweza kupasuka ghafla, na ghorofa zinazokitegemea zikaporomoka.

Tofauti kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kati ya mtu aliye macho na mtu aliyelala. Mfanyakazi wa karakana anajua mlango ulipo na ataondoka jioni; mkazi amelala usiku, ana mtoto, pengine ana mgeni asiyeijua ngazi. Kwa hiyo sheria hudai njia mbili za kutokea, kuta zinazotenganisha nyumba moja na nyingine kwa muda uliopimwa wa moto, ving'ora na vinyunyizio vya maji kwenye dari. Tarehe 2 Desemba 2016, ghala mojawapo la Oakland, California, lililokuwa likikaliwa na wasanii bila kibali na lisilo na vinyunyizio, liliungua wakati wa tamasha la muziki, na watu 36 wakafa. Baada ya tukio hilo miji mingi ilianza kukagua makazi ya aina hiyo, na wasanii wengi wakajikuta nje. Maafa hayo yalionyesha pande mbili za jambo moja, kwamba kufumbia macho makazi ya kificho kunaua, na kwamba kuyafunga bila mahali pengine pa kwenda huwasukuma watu kwenye kificho kingine.

Kisha kuna yale yasiyoonekana. Sakafu za mbao zilizonyweshwa mafuta ya mashine kwa miaka mingi, rangi yenye risasi, asbesto iliyozungushiwa mabomba ya mvuke, kemikali zilizomwagwa uani. Mfano wa Hoboken, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Manhattan, ungepaswa kujulikana na kila mnunuzi. Katika miaka ya 1990 kikundi cha wasanii kilinunua jengo la zamani katika mtaa wa Grand wakaligeuza makazi na karakana. Jengo hilo liliwahi kuwa kiwanda cha taa za zebaki. Wakazi wakaanza kuona vitone vya zebaki vikitoka sakafuni, vipimo vikaonyesha zebaki katika miili yao, wakiwamo watoto, na mwanzoni mwa mwaka 1996 wote wakahamishwa. Serikali ya shirikisho iliwafidia, na jengo likabomolewa. Hakuna kusafisha kulikowezekana, kwa kuwa zebaki ilikwisha kuingia ndani ya mbao na matofali yenyewe. Historia ya jengo, ambayo tangazo la mauzo huitaja kama pambo, ilikuwa ndiyo hati muhimu kuliko zote.

Fedha zina utata wake. Kugeuza jengo kongwe mara nyingi hugharimu sana, na Marekani huchangia kwa njia ya kodi: mwenye jengo la urithi lililothibitishwa hupunguziwa kodi ya shirikisho kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati zinazokubalika. Aliyetumia dola milioni 10 hupata nafuu ya dola milioni 2, ambayo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 hugawanywa kwa miaka mitano. Lakini jengo lazima liwe la kuingiza mapato, na mwenye nyumba anayeishi mwenyewe hapati kitu; na akiliuza kabla ya miaka mitano kwisha, hudaiwa kurudisha sehemu ya nafuu hiyo. Anayeshangaa kwa nini viwanda vingi vilivyokarabatiwa ni vya kupangisha na si vya kuuzwa nyumba mojamoja, jibu mara nyingi limo humo.

Idara ya Hifadhi za Taifa ndiyo hukagua kama kazi imefuata viwango, na hapo hutokea kichekesho ninachokipenda. Mtindo wa matofali wazi, ambao umekuwa alama ya lofti duniani kote, mara nyingi haukubaliki. Ikiwa ukuta ulikuwa na lipu tangu zamani, kuibandua ili matofali yaonekane ni kubuni historia ambayo haikuwapo, na mwekezaji anaweza kuikosa nafuu yake ya kodi kwa ajili ya ukuta alioudhani ni wa asili kabisa. Zaidi ya hayo, matofali ya karne ya 19 yalijengwa kwa chokaa, na fundi akiziba viungo kwa saruji ngumu, unyevu hukosa pa kutokea, hubaki ndani ya tofali, na baridi ikija maji huganda na kulipasua. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wameziona kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikioza chini ya lipu ya saruji, ingawa huko adui ni chumvi na mvua na si barafu.

Kuhusu sauti kupita kwenye sakafu za mbao, sina mengi ya kusema, ila kwamba wakazi wa lofti huzungumzia hatua za jirani wa juu kuliko wanavyozungumzia mandhari.

Turudi SoHo, kwa sababu hadithi yake ya kisheria haikuishia 1982. Wasanii walilifanya eneo lipendeke, maduka ya picha yakafuata, kisha maduka ya mavazi ya fahari, na bei ikapanda mpaka msanii wa kawaida asiweze kuingia. Kanuni ya 1971 ilibaki palepale. Wanasheria, watu wa benki na wastaafu wenye fedha walinunua nyumba ambazo kwenye karatasi ni karakana za wasanii wenye hati, na kwa miaka mingi kila upande ulifanya kama hauoni. Mnamo Desemba 2021 jiji lilipitisha mpango mpya unaoruhusu makazi ya kawaida SoHo na NoHo, eneo jirani lililo kaskazini mwa barabara ya Houston, pamoja na masharti ya kujenga nyumba za bei nafuu katika miradi mipya. Kwa nyumba za wasanii zilizokuwapo, liliweka njia ya kuzihalalisha kwa mtu yeyote: mwenye nyumba alipe dola 100 kwa kila futi ya mraba katika mfuko wa sanaa. Nyumba ya futi za mraba 2,000, ambayo huko si kubwa ajabu, ingemgharimu mwenyewe dola 200,000 ili tu karatasi iseme kwamba anayelala humo hahitaji kuwa mchoraji. Baadhi ya wenye nyumba walikwenda mahakamani kuipinga ada hiyo, wakiwamo waliokuwa wameishi humo tangu siku za kodi ya chini.